Yowe Langu na Maroboti wa Saa Kumi

Kwa miaka minne mtaa wetu wa Maisaka ulisubiri neno moja litoke kinywani mwangu, nami nikawanyima kwa raha zangu. Neno lenyewe ni "basi". Ukimwambia anayekumiminia chai halina uzito wowote. Kwetu, likisemwa mahali pake na mtu anayestahili kulisema, linamrudisha mtu aliyetengwa kwenye salamu, kwenye misiba na kwenye masufuria ya sherehe.

Mtaani kwetu yowe lina sheria yake. Hupigwa kwa moto, kwa mwizi, kwa nyoka, kwa ajali na kwa kifo. Ukilisikia unaacha ulichoshika na kukimbilia linakotoka, na kama ulikuwa unaoga unamalizia kuvaa njiani. Asiyekwenda huitwa kwenye kikao cha wazee aeleze alikuwa wapi. Akikosa la maana hutoa dume la ng'ombe, likachinjwa na kuliwa na wale waliokwenda, yeye akiangalia. Halafu anatengwa. Muda wa kutengwa hawaupangi wazee. Anaupanga mwenye yowe, siku atakaposimama mbele ya watu, na aliyetengwa akiwepo, akasema basi.

Mwenye yowe nilikuwa mimi. Aliyetengwa alikuwa jirani yangu, tuliotenganishwa naye na ua wa minyaa tu. Tulimwita Baba Pacha kwa ajili ya mapacha wake wawili wa kike. Ni fundi magari, gereji yake ilikuwa uani kwake, na nyumba yake ndiyo ilikuwa ya kwanza kuwa na king'amuzi upande wetu wa mtaa. Kila Jumamosi saa kumi jioni kulikuwa na katuni ya maroboti waokoaji, na watoto wa mtaa mzima walijazana sebuleni kwake. Ulikuwa unaangalia ndala mlangoni unajua nani yumo. Za binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, zilikuwa moja ya bluu na moja nyekundu, kwa sababu za pili zilikatika.

Katuni yenyewe niliijua bila kuitazama. Maroboti walikuwa wanne: mmoja ana kreni mgongoni, mmoja anaruka, mmoja ana king'ora kichwani, na mdogo wao ana jicho moja la taa. Wanakaa juu ya kilima wakisikiliza. Mtu akitumbukia kisimani, daraja likikatika, ghorofa likishika moto, wote wanasema kwa pamoja, "Tumesikia, tunakuja!" na kweli wanakwenda. Hawachelewi hata siku moja. Binti yangu aliyasema maneno hayo akienda dukani, akienda chooni, na hata nilipomwagiza kuni, ingawa kuni zenyewe nilikuwa nazifuata mwenyewe.

Niseme pia kuhusu sauti yangu. Nimekulia upande wa Hanang nikichunga ng'ombe wa baba, na kule ukimwita mwenzako unamwita kutoka kilima hadi kilima. Sikuwahi kujifunza kumwita mtu aliye karibu. Jumamosi jioni, vyombo vya mchana vikiwa bado vichafu, nilikuwa nasimama uani na kumwita binti yangu mpaka kuku wa watu wanakimbilia mabandani. Majirani walinitania kwamba hawana haja ya saa ya ukutani, nikianza tu wanajua ni saa kumi na robo. Nilicheka nao. Mimi ni fundi cherehani, kutwa nzima nimeinamia nguo za watu, na kupiga kelele kidogo jioni kulininyoosha mgongo.

Mama yangu niliishi naye, na naishi naye mpaka leo. Alikuwa akifuma vitambaa, vile vya kufunika makochi na televisheni, vyenye ua katikati na pindo la mawimbi. Hakuwa na kipimo wala karatasi. Alikuwa anatazama kochi mara moja, anakwenda zake, na wiki ya pili analeta kitambaa kinachokaa sawasawa. Nusu ya sebule za mtaani zilikuwa na kazi ya mkono wake. Hata televisheni ya Baba Pacha, ile ya maroboti, ilikuwa imefunikwa kichwani kwa kitambaa cha mama.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na Mlima Kwaraa hatukuuona. Jiko letu la nje lilikuwa la matofali mabichi, na juu ya mlango kulikuwa na linta ya zege ambayo marehemu mume wangu aliijivunia sana. Mama alikaa mlangoni pale kwa ajili ya mwanga, sufuria ya mbaazi jikoni, kitambaa mapajani. Mimi nilikuwa ndani na cherehani yangu. Nikasikia kishindo kama gunia la mahindi limeshushwa kutoka kwenye gari. Nilipotoka, ukuta ulikuwa chini, mama amelala nje kifudifudi, na mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya linta.

Nilipiga yowe. Nilipiga kwa nguvu zote nilizojaliwa. Wa kwanza kufika alikuwa mama wa nyumba ya mbele, akitembea, na alipoona ndipo akaanza kukimbia. Wakaja wengine. Tukawa wanane, lakini kila tukiinua upande huu, kipande cha ukuta kilichobaki kiliyumba juu ya kichwa cha mama. Ilitakiwa jeki. Jeki ya lori ilikuwa hatua thelathini kutoka tuliposimama, nyuma ya minyaa. Kila mtu alijua ipo, na kila mtu alidhani mwenyewe anakuja nayo.

Minyaa haizuii sauti. Nilipiga yowe tena, na kutoka sebuleni kwa Baba Pacha nikasikia bibi wa kwenye katuni analia, nikasikia king'ora cha roboti, nikasikia "Tumesikia, tunakuja!" Halafu nikasikia sauti ya televisheni ikipanda. Nikapiga yowe la tatu. Ikapanda tena. Naapa mpaka leo, sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia aliyekuwa ameshika rimoti ile.

Mwishowe mama wa nyumba ya mbele alikimbia akagonga geti la bati kwa jiwe. Baba Pacha akatoka peku, jeki begani, uso umevimba kwa usingizi. Alivunja nguzo mbili za ua wake apite nayo moja kwa moja. Linta ikainuka kabla sijamaliza kumlaani. Lakini mkono ulikuwa umeshakaa chini muda ambao ungewatosha maroboti kumwokoa bibi yao, kunywa chai na kurudi kilimani. Hospitali hawakuukata mkono. Vidole vinne havikukunjuka tena.

Kikao kilifanyika wiki ile ile. Watoto walikuwa wamejipanga dirishani nje, kama kawaida yao kunapokuwa na jambo. Baba Pacha alisimama katikati.

"Shikamooni wazee," alisema. "Sikusikia. Nilikuwa nimelala chumba cha nyuma. Televisheni ilikuwa juu."

Nikasimama bila kuruhusiwa. "Na nani aliyeipandisha? Niliisikia ikipanda mimi nikilia."

Alitazama dirishani, akatazama chini, akatazama tena dirishani.

"Nyumba ni yangu na televisheni ni yangu," alisema. "Niliipandisha mimi."

Mzee mmoja akamuuliza kama alikuwa amelala au alikuwa anapandisha sauti, maana mtu hafanyi yote mawili. Akarudia kwamba ni yeye. Mimi niliona kiburi. Niliona mtu anayetudharau mpaka hajisumbui hata kupanga uongo wake vizuri.

Dume lilichinjwa. Kwa kuwa mwenye yowe huchagua kwanza, nilichukua nyama ya nundu, nikaila taratibu nikimtazama usoni. Ilikuwa tamu. Siku ya pili nilikwenda kwake, nikaingia bila hodi. Mke wake alikuwa anakoroga uji. Nikapita hadi sebuleni, nikakivuta kitambaa cha mama kutoka juu ya televisheni, nikakikunja mara nne, nikatoka. Yule mwanamke alibaki na mwiko mkononi. Nilitembea kuelekea kwangu nimesuuzika roho kabisa.

Watu wanadhani kisasi ni jambo la siku moja. Kisasi ni kazi ya kila siku, na mimi sikuwa mvivu. Kila asubuhi nilimfunga mama vifungo vya blauzi, na kila kifungo kilinipa nguvu ya kutwa nzima. Nikikutana na Baba Pacha njiani nilitazama juu ya kichwa chake kama natafuta mvua. Wenye pikipiki mbovu niliwaelekeza gereji nyingine. Ndala ziliisha mlangoni kwake. Jumamosi saa kumi maroboti waliokoa watu mbele ya mapacha wawili peke yao.

Katika mwaka wa pili mapacha wale walipata komunio ya kwanza. Kwetu mtu hapiki sherehe peke yake. Siku moja kabla, wanawake wa mtaa wanakuja na visu vyao, wanamenya vitunguu, wanachambua mchele, na umbea unapikwa humo humo. Nilipita nyumba moja baada ya nyingine nikiwakumbusha kwamba sijasema basi. Hakuna aliyekwenda. Nikaweka cherehani uani nione vizuri. Mke wake alihangaika na masufuria matatu peke yake, wali ukaungua, harufu ikatufikia. Mapacha walikaa kwenye viti vya kukodi, magauni meupe, maua kichwani, wamezungukwa na viti vitupu, na kila mtu alipopita barabarani walinyanyuka wakidhani anaingia. Nilifurahi. Sitaficha, nilifurahi mpaka nikaimba.

Wazee walinijia. Katekista alinijia. Wote niliwapa jibu moja: "Mkono wa mama ukikunjuka, nitasema."

Mama mwenyewe aliniambia, kwa Kiswahili chake cha kutafuta neno, "Mwanangu, inatosha sasa." Nikamwambia hajui uchungu wangu. Nilimwambia hivyo mtu ambaye nilikuwa nimetoka kumkatia ugali.

Binti yangu ndiye aliyekuwa fahari yangu. Tangu siku ya ukuta hakurudi kwa Baba Pacha hata mara moja. Mwaka wa tatu nilijinyima nikanunua televisheni yangu, nikaiweka kwenye dirisha la upande wa minyaa ili wasikie kwamba na sisi tunayo, nikaifunika kitambaa kile kile. Jumamosi ya kwanza, saa kumi, nikamwekea maroboti. Alisimama, akatoka, akaenda kuosha vyombo. Ikawa hivyo kila Jumamosi, bila kuitwa. Yale maneno ya tumesikia tunakuja hakuyasema tena. Nikawaambia wateja wangu, "Mtoto huyu ana moyo wangu. Hasahau."

Mwaka huu, baada ya mavuno, Baba Pacha alihama. Alikuwa amepata kiwanja Bonga, kando ya barabara ya Dodoma, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Lori lilikuja asubuhi. Mtu akihama kwetu, majirani wanabeba. Mtaa mzima ulitoka, ukasimama kwenye mageti, mikono nyuma. Nilitoa cherehani yangu uani, na safari ile nilitoa na kiti cha mama pia, nikitaka aone.

Wakabeba wenyewe: yeye, mke na mapacha. Kitanda kilipita, makochi yakapita, jeki ikapita. Kabati la vyombo likakwama getini. Mapacha hawakuweza upande wao, likainama, sahani zikaanza kugongana ndani. Hapo binti yangu, aliyekuwa likizo, sasa yuko kidato cha kwanza, akapenya kwenye uwazi wa minyaa na kushika upande wa pili.

Nikamwita. Nilimwita kwa sauti ile ile yangu, kuku wakakimbia. "Rudi hapa! Weka chini hicho kitu urudi hapa!"

Akaweka chini. Hakurudi. Aligeuka akanitazama, mtaa mzima ukisikia, akasema, "Mama, mimi ndiye niliyepandisha sauti."

"Mtoto, acha," Baba Pacha alimwambia.

"Rimoti nilikuwa nayo mimi. Nilikusikia ukiita. Niliijua sauti yako, mama. Nilidhani unaniita nije kuosha vyombo." Alikuwa analia lakini maneno yalitoka yamenyooka, nadhani alikuwa ameyapanga miaka yote ile. "Nikapandisha. Ukaita tena, nikapandisha tena."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu na sikujua niuweke wapi. Mama wa nyumba ya mbele aliinua kichwa kutoka getini kwake. "Hata mimi nilidhani unamwita mtoto," alisema. "Ndiyo maana nilikuja natembea. Nilikuambia hospitalini." Ni kweli, aliniambia. Nilimjibu kwamba huo si wakati wa hadithi.

Nikamtazama Baba Pacha. "Ulijua?"

"Alikuwa na miaka tisa, mama," alisema. "Nyumba ilikuwa yangu." Akainama, akashika kabati upande wake, binti yangu akashika wa pili, wakalipitisha.

Lile neno lilikuwa mdomoni. Watu walikuwepo, yeye alikuwepo, kila kilichotakiwa kilikuwepo. Kwa miaka minne hasira ndiyo iliyolizuia, na siku ile ilikuwa aibu. Nilishindwa kufungua mdomo mbele ya wale niliowakataza kumenya vitunguu. Lori likawashwa. Likaondoka.

Niligeuka kwa mama. Alikuwa hajashangaa hata kidogo, ameshika ule mkono wake kwa mkono mwingine kama anavyoushika siku zote.

"Na wewe ulijua," nilisema.

"Alikuja hospitali, siku ya tatu, wewe umetoka kununua dawa. Mtoto mwenyewe. Akaniambia yote. Nikamwambia anyamaze. Na yule baba naye nikamwomba anyamaze, akasema alishanyamaza."

"Kwa nini hukuniambia? Miaka minne, mama."

"Ningekuambia," mama alisema, "ungemfanyaje?"

Nilitaka kujibu kwamba ni mwanangu, ningemsamehe. Kisha nikayakumbuka yale magauni meupe na viti vitupu, na jinsi nilivyoimba. Hao walikuwa watoto wa watu ambao hawakunikosea chochote. Nilimsaidia mama kuinuka, tukaingia ndani.

Jumamosi iliyofuata nilipanda bodaboda hadi Bonga. Nilikuwa nimekifua kile kitambaa, nikakipiga pasi, kiko mkobani. Njiani nilijaribu maneno. Nilijua nitakavyosimama na nitakavyosema basi kwa sauti ndogo, na kwamba nitapiga magoti kama mke wake atakubali.

Nyumba haikunisumbua kuipata, gereji ilikuwa mbele. Mlangoni kulikuwa na ndala. Zilikuwa nyingi, za kila saizi, nyingine zimepinduka, za watoto ambao sikuwajua hata mmoja. Ndani nilisikia king'ora, halafu watoto wote pamoja na maroboti, "Tumesikia, tunakuja!"

Nilisimama ng'ambo ya barabara. Neno lile husemwa mbele ya watu, na watu wake sasa walikuwa hawa wa Bonga. Hawakujua kwamba aliwahi kutengwa. Nikisema basi, nitawaambia. Watauliza alifanya nini, mtu aliyetengwa miaka minne, na wapo watakaoziondoa zile ndala kwanza ndipo wasikilize maelezo yangu.

Mwanamke wa nyumba ya jirani aliniona nimesimama sana. "Karibu, mama. Unamtafuta fundi? Yupo ndani, na watoto wetu wamemjazania huko. Subiri nikuitie." Akaweka mkono kando ya mdomo, akavuta pumzi.

Nikamshika mkono. Nilimwambia asiite, haina haraka, nitakuja siku nyingine.

Sijarudi. Kitambaa sikukirudisha juu ya televisheni yangu. Kiko kabatini, kimekunjwa mara nne.